SABANA: MANENO YA SYLVÈRE NILIYOYAKATA

"Moubarak! Waambie! Waambie mi nilikwambia nini!"

Sylvère alikuwa amepiga magoti mbele ya geti lake mwenyewe, pale mtaa wa Ngagara, saa nne asubuhi, majirani wote wanatazama.

Shati limechanika. Damu puani.

Nyuma yake mkewe, Caritas, kashika nguzo ya baraza.

Na mbele yake vijana kumi na kitu wa mtaani kwetu Buyenzi, wameshika fimbo. Mmoja ameshika gazeti.

Gazeti langu!

"Ndugu yangu Moubarak... sema kweli. Mungu anakuona, sema!"

Wote wakanigeukia.

Jamani wasomaji wangu, sentensi moja tu ingemwokoa yule mtu. Moja! Na niliijua kwa moyo.

Nikatazama viatu vyangu.

"Alisema hivyo hivyo kama ilivyoandikwa," nikajibu.

Fimbo ya kwanza ikashuka.

...

Najua mshaanza kunitukana. Subirini kidogo, mkifika mwisho mtanitukana vizuri zaidi.

Ilikuwa mwaka 2001, vita bado. Mimi nilikuwa kijana wa gazeti la wiki hapa Bujumbura, ukurasa wa magari ni wangu. Safu yangu iliitwa "Mwenye Gari Asema". Namtafuta mtu aliyenunua gari, namuuliza linakwendaje, naandika.

Watu waliiamini safu ile kuliko redio. Kwa nini? Kwa sababu anayesifu si mimi. Ni mwenye gari, kwa jina lake na mtaa wake. Ukitaka, unakwenda kumgongea mlango!

Na msifikirie gari enzi zile lilikuwa la kupigia picha. Kupanda milimani kwenda Kayanza ilikuwa lazima uende na konvoi. Wanajeshi mbele, wanajeshi nyuma, magari katikati. Na konvoi ilikuwa na sheria moja: haimsubiri mtu.

Gari likizima, unaachwa.

Kwenye milima ile kulikuwa na watu wenye bunduki, kazi yao kuwasubiri wanaoachwa.

Kwa hiyo mnunuzi wa Bujumbura hakuuliza rangi, hakuuliza viti. Aliuliza neno moja tu: "Inapanda?"

Basi, Hadji Massoudi akaleta Sabana.

Gari jipya aina ya jeep, refu, tumbo juu, miguu yote minne inavuta. Mji mzima ukageuza shingo. Hadji alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Buyenzi, mtu wa heshima, mtu wa msikitini.

Tena alikuwa baba yake Lubna.

Lubna... mwalimu wa shule ya msingi, mweusi wa kung'aa, mdomo mkali. Alikuwa ananisahihishia safu yangu kwa kalamu nyekundu, kisha analirudisha gazeti kupitia kwa mdogo wake, Fadhila. "Dada anasema hapa umesahau nukta." Mi nimekufa nimeoza!

Nikapeleka posa. Hadji akaniita dukani.

"Moubarak, mi sina ubaya na we. Lakini mutu anaingia mu nyumba yangu, aingie na mukono wa kusaidia."

"Ndiyo, Hadji."

"Ile Sabana, uiandike muzuri."

"Nitaiandika, Hadji."

Mtu wa kwanza kuinunua alikuwa Sylvère, mtumishi wa serikali, ofisi yake iko Kigobe. Sylvère alijulikana kwa kitu kimoja: hajui kudanganya. Hata polisi wa barabarani akimuuliza alikuwa spidi ngapi, anamwambia na anaomba radhi juu!

Nikafurahi. Jina lake peke yake lilitosha kuuza.

Tukakaa barazani kwake. Caritas akaleta chai. Sylvère akaanza.

"Hapa mu mujini? Raha tupu! Viti muzuri, baridi ya ndani inapuliza, mashimo haisikii kabisa."

Naandika, nacheka peke yangu.

"Lakini ku mulima..."

Akashusha kikombe.

"Ku mulima hii gari ni moto, sha! Ule mushale wa joto unapanda mpaka mwisho, na moteri inazima. Nilikuwa na Caritas na batoto. Konvoi ikatupita, gari kwa gari, na mi napunga mukono kama mujinga. Batoto nikabalaza mu mutaro. Dakika makumi ine, Moubarak! Ni Mungu tu."

Caritas akageuza uso pembeni.

"Uandike hiyo," Sylvère akasema. "Na herufi kubwa. Batu basikufe."

"Nitaandika, kaka."

Nikaandika! Mashahidi ni wale malaika wa begani. Niliandika neno kwa neno.

Kisha nikakaa mbele ya ile karatasi nikimfikiria Lubna.

Nikachukua kalamu. Nikaanza kukata.

Wiki ile gazeti likatoka, herufi kubwa kama alivyoomba mwenyewe:

"KU MULIMA HII GARI NI MOTO!" — Sylvère wa Ngagara.

Mnaelewa nilichofanya? Nani mswahili asiyejua moto ni sifa? Mchezaji akiwa hatari tunasema ni moto. Moto wa kuotea mbali! Sikuongeza neno. Sikugeuza hata herufi. Nilikata tu yaliyobaki, na nikajisifu kwamba sijadanganya mtu.

Hadji akaisoma dukani kwa sauti, mbele ya wateja. Posa ikakubaliwa siku ya tatu.

Sylvère akaja ofisini, macho mekundu.

"Umenifanyia nini we?"

"Ni nafasi, kaka. Ukurasa ulijaa."

"Ulijaa? Na batu bakikufa?"

"Wiki ijayo nasahihisha."

"Unaapa?"

"Wallahi!"

Niliapa. Kwa Mungu, jamani! Wiki ijayo ikaja ikapita. Ya pili ikapita. Nikajiambia nitasahihisha tukishafunga ndoa.

...

Sasa kule kwao Lubna kuna desturi. Shangazi wa bibi harusi haalikwi kwa barua wala kwa kutumiwa mtu. Bibi harusi anakwenda mwenyewe, anampa mkono, ndipo shangazi anatoka. Usipokwenda, haji, na asipokuja, ndoa ina kidonda.

Shangazi yake, Bi Fatouma, alikuwa anakaa Kayanza.

Hadji akatoa Sabana mpya dukani. Kaka yake Lubna, Anouar, ndiye wa kuendesha.

Alasiri ya kuamkia safari, Lubna akaniita nyumbani kwao. Ameshika gazeti lile la zamani na kalamu yake nyekundu.

"Moubarak, hii sentensi imekatika."

"Imekatika vipi?"

"Hii gari ni moto. Moto ya namna gani? Sylvère nilimukuta ku soko, nikamupa hongera ya gari. Akaniangalia tu, akaenda zake."

Nikacheka kidogo.

"Yule mtu hana raha siku zote," nikasema.

"Inapanda?"

"Si umesoma?"

"Nimesoma. Sasa siulizi gazeti. Nauliza we." Akaweka kalamu chini. "Niambie kweli, mi sitakasirika. Kama haipandi, nitamwambia baba tungoje lori ya Kayanza. Inapanda, Moubarak?"

Wasomaji wangu... pale ndipo nilipokuwa na njia. Pana, nyeupe, haina hata jiwe.

Lakini nikimwambia, atamwambia baba yake. Baba yake atajua nimemfanya auze majeneza. Hakuna ndoa.

Nikatabasamu.

"Inapanda, mpenzi. Nenda."

Akanitazama kidogo. Kisha akakunja gazeti.

"Basi. Neno yako inanitosha."

...

Kesho yake, saa tano asubuhi, mshale wa joto ulifika mwisho.

Haya nilisimuliwa na Anouar, ndiye aliyebaki. Moteri ilizima kwenye kona, mlima bado mrefu. Akawasha, ikakataa. Lori likawapita. Basi likawapita. Madereva wote wanatazama mbele, hakuna hata mmoja aliyegeuza jicho, maana ukigeuka utaona haya.

Gari la mwisho la wanajeshi likapita. Mmoja akainua mkono, haijulikani anaaga au anaomba radhi.

Kukawa kimya.

Lubna akamwambia kaka yake, "Fungua boneti, itapoa. Moubarak anasema inapanda." Anouar akadhani anasema ile safu yangu ya gazeti.

Anouar alikuwa ameinama kwenye rejeta, risasi zikaanza. Akajiviringisha bondeni mpaka kwenye mikaratusi.

Lubna walimkuta kwenye kiti chake. Mkanda ameufunga.

...

Matangani nililia mpaka sauti ikakauka. Sikuigiza. Nililia kweli, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Hadji alikaa kwenye mkeka, amezeeka kwa siku mbili.

"Mi sikupanda na ile gari hata siku moja," akasema. "Ile mulima sikuijaribu. Niliamini gazeti."

Mnasikia? Muuzaji mwenyewe! Alikuwa anauza anachokiamini, na alichokiamini nimekitengeneza mimi. Ningemwambia ubaya wa gari kabla gazeti halijatoka, labda angenishukuru. Sikumpa nafasi hiyo.

Kijana mmoja akauliza, "Kwani nani alisema inapanda?"

Gazeti likatolewa. Jina likasomwa.

"Sylvère wa Ngagara."

"Huyo alijua! Alikuwa anapeleka batu bauawe!"

Wakati wa vita neno kama hilo halihitaji ushahidi. Wakasimama. Nikasimama nao, maana wangeniona nimebaki nimekaa wangeniuliza kwa nini.

Mengine yaliyotokea getini mmeyasoma.

Walimvunja mguu na mkono. Ofisini wakamwambia asirudi, analeta fujo. Mwezi haukuisha akavukia Tanzania na mke na watoto, akakaa kambi ya wakimbizi. Mguu haukupona sawa, ukaoza. Akafia huko huko.

Na mimi? Nilipata nini?

Hadji alinishika mkono siku ya arobaini.

"We umefiwa kama mi. Usitoke mu nyumba yangu."

Akanipa nafasi dukani, kazi ya gazeti nikaiacha. Miaka mitatu baadaye akanioza Fadhila. Ndiyo, yule aliyekuwa ananiletea gazeti. Tumezaa watoto watatu. Wa kwanza ni msichana. Fadhila ndiye aliyechagua jina, nami sikuweza kukataa mbele ya watu.

Anaitwa Lubna.

Hadji alikufa mwaka jana, akiniombea dua mpaka pumzi ya mwisho. "Mwanangu Moubarak, mutu mwaminifu." Nilikuwa nimemshika mkono!

...

Wiki mbili zilizopita nilikuwa sokoni. Mwanamke mmoja wa mvi akasimama mbele yangu. Sikumjua mpaka alipofungua mdomo.

"Moubarak. Mi ni Caritas."

Nikaingiza mkono mfukoni, sijui nilikuwa natafuta nini, labda kitu cha kumpa.

"Apana," akasema. "Toa mukono mu mufuko."

"Mama Caritas, nisamehe..."

"Sikukuja ku kusamehe. Batoto yangu banaitwa batoto ya muuaji. Bajukuu pia. Jina ya bwana yangu iko mu gazeti, na we ndiye uliiweka. Unajua kuandika, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi uandike."

Akaenda zake, hata kugeuka hakugeuka.

Gazeti lile limekufa zamani. Ukurasa nilionao ni huu, na nyinyi wafuasi elfu kadhaa mnaonisoma hadithi za mapenzi kila wiki mkicheka. Leo si hadithi. Haya ndiyo masahihisho niliyoapa kuyaandika wiki iliyofuata.

Sylvère alikataza watu kupanda mlima na gari lile. Mimi nilikata.

Somo? Mtu akikusomea sifa za gari, za dawa, za mchumba, za kiongozi, usipoteze muda kuuliza kama maneno ni ya kweli. Yangu yalikuwa ya kweli yote! Muulize amekata nini. Tena muulize akikutazama usoni... ingawa Lubna aliuliza hivyo hivyo, na haikumsaidia.

Sasa ni Ijumaa mchana. Nimetoka msikitini, nimekaa sebuleni. Fadhila yuko jikoni anapakua. Simu yake iko karibu naye. Kila nikiweka kitu hapa, yeye ndiye wa kwanza kusoma, siku zote, kabla yenu.

Kwa miaka yote hii anaamini dada yake alipanda gari lile bila kumuuliza mtu.

Fadhila, mama watoto wangu. Dada yako aliniuliza. Aliniuliza mara mbili.

Nimeshabonyeza "tuma", mstari huu nauongezea tu. Nasikia ameweka mwiko chini.