Darubini ya Katikati

Darubini tatu zilikuwa mezani, zimetoka kwenye maboksi asubuhi ile, na mkanda wa ile ya katikati ulikuwa umelowa. Sidi aliuminya, akanusa vidole. Maji ya chumvi na tope la mikoko.

"Labda mwenye duka alikwenda kuogelea nayo," alisema Mzamil, mwenzake wa kazi, mtu wa Mji wa Kale asiyeishiwa na mzaha.

Wawili hao walikuwa na ofisi ya chumba kimoja, wakifundisha watoto wa shule kutazama ndege na kuwahesabu. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuchagua darubini za watoto thelathini. Wakazipeleka ufuoni Kibarani kuzijaribu, kwa kuwa tangu taka ziondolewe pale ndege wamerudi. Walichelewa, wakafika jua la utosi. Saa hiyo joto huifanya picha icheze, na watu wa pwani wana sababu yao nyingine ya kutopenda kuwa ufuoni saa hiyo.

Darubini ya kwanza ilivuta mbali mno. Mkono ukitikisika kidogo tu, ndege anarukaruka kama ana homa. Ya tatu ilikuwa nzito ya kuvunja shingo za watoto. Ya katikati ilikuwa nyepesi, angavu, na ilionyesha mahali papana, hata mtoto asiyezoea angempata ndege upesi. Sidi aliipenda papo hapo. Kisha, kando ya mikoko ya ng'ambo, akaona mtoto wa kike mwenye gauni la manjano, amempa mgongo.

"Mercy!" aliita.

Mzamil aligeuka ghafla. "Dada Sidi! Mtana huu, ufuoni, waita jina la marehemu?" Akaichukua darubini, akatazama kwa muda. "Mimi sioni mtu. Mikoko tu."

Mercy alikuwa mtoto wa pekee wa Sidi, na alizikwa mwaka uliopita akiwa na miaka saba. Siku aliyokufa walikuwa pwani hii hii, Sidi akihesabu vitwitwi. Anayehesabu kundi la ndege haondoi jicho kwenye darubini mpaka amalize, la sivyo aanze upya. Mtoto alisema, "Mama." Sidi akainua mkono kumwambia asubiri. Alipofika mia mbili na kumi na mbili aliishusha darubini. Maji yalikuwa yanajaa na Mercy hakuwapo. Tangu hapo Sidi hajajisamehe, na sidhani kama yupo mama ambaye angeweza.

Muuzaji alipouliza wamechagua ipi, Sidi alijibu kwamba bado anajaribu. Kila adhuhuri alikwenda Kibarani peke yake na ile ya katikati. Siku ya pili mtoto alikuwa amesogea hadi nusu ya hori, ule mkono wa bahari, mgongo bado. Siku ya tatu alikuwa karibu zaidi, na ingawa ukitazama kwa macho matupu palikuwa na tope na ndege basi, Sidi alisikia mtoto akiimba kwa kuguna, si kutoka kule bali hapa kwenye sikio lake, na ikamjia harufu ya udi pahali ambapo hapakuwa na aliyechoma udi, na miguu yake ikaanza kwenda.

Siku ya nne Mzamil alimkuta ndani ya maji, yamemfika kifuani, darubini machoni.

"Niache," Sidi alinong'ona alipovutwa. "Amebakisha hatua chache tu."

"Si yeye, dada. Umeita, kimekuja kitu chengine."

Mzamil akamleta pale ufuoni shangazi yake, Bi Mejumaa, mganga, pamoja na chetezo cha ubani.

"Mimi ni mtu wa kanisa, Bi," Sidi alisema.

"Nalo jini halikukuuliza dini yako, mwanangu. Sikiza. Hata ukikirudisha kioo hicho dukani, litakufuata mpaka likuzamishe. Umeliita kwa jina la mtoto, sasa likatae kwa kinywa chako mara tatu. Sema: wewe si mwanangu. Mimi siwezi kukusemea."

Sidi aliweka darubini machoni. Moshi wa ubani ulipita mbele yake na mtoto alikuwa pale, karibu kiasi cha kuguswa, gauni linachuruzika maji, na kwa mara ya kwanza akageuka taratibu, na ulikuwa uso wa Mercy, pengo la jino la mbele lile lile, macho yale yale yanayongoja kuambiwa njoo.

"Wewe si mwanangu," Sidi alisema. Akasema tena. Ya tatu ikakwama, akalia, Bi Mejumaa akamshika mgongo, naye akaitoa kama mtu anayetapika.

Harufu ya udi ikakatika. Mzamil alichukua darubini, akaizungusha ng'ambo yote. "Ndege watupu. Alhamdulillahi. Hii sasa wape watoto."

"Lilipiga ukelele?" aliuliza Bi Mejumaa. "Jini likikataliwa hupiga ukelele."

"Hapana."

"Lilifanyaje basi?"

Sidi alikuwa amekaa kwenye tope. "Aliinamisha kichwa," alisema. "Akasema, 'Haya, mama.' Kisha akarudi kule peke yake."

Bi Mejumaa alikifunika chetezo chake.