Kilichoziba Bomba la Jikoni kwa Barnaba

Jua lilikuwa linazama Tunduma, na Sekela alikuwa amepiga magoti jikoni, waya mkononi, akichokoa kwa hasira. Barnaba, mwenye nyumba, aliporudi toka migodi ya Rhodesia ya Kaskazini alijenga vyumba sita vya kupangisha na jiko moja la wote, lenye tundu la maji machafu sakafuni na bomba la kuyatoa nje, kama alivyoona huko. Wapangaji wakalijaza machicha ya pombe na maganda. Likiziba, wa kuhangaika alikuwa Sekela, mpangaji kama wao, aliyezika mtoto wiki tatu tu zilizopita.

"Wanaokula ni wote, mikono ya kuchokoa ni yangu," alisema.

Ikupa, dada wa mumewe, alisimama mlangoni. Hakusogea kumsaidia.

"Wifi, liache. Barnaba atalifukia kwa saruji, aweke jingine."

"Tangu lini unamjali Barnaba?"

Bomba likalia.

Lilinyonya maji kidogo... likanyamaza... likanyonya tena. Sekela aliujua mlio ule. Harufu ya uchafu ikapotea, jiko likanukia mafuta ya nyonyo aliyokuwa akimpaka mwanawe, marehemu Lusubilo. Kisha akahisi kifua kimelowa. Maziwa yaliyokwisha kukauka yalikuwa yanamchuruzika hadi tumboni.

Aliogopa sana, lakini hasira zilizidi. Akatumbukiza mkono mzima, akavuta.

Kikatoka kifurushi cha kitambaa.

Alikitambua kabla ya kukifungua. Ndani zilikuwa nywele zake, alizonyolewa msibani, na shanga za kiunoni za mtoto. Alikuwa amemkabidhi Ikupa akazifukie kijijini Ibaba, kwenye migomba ya ukoo, ili Lusubilo afike kwa mababu zake. Ni kazi ya shangazi, mama haruhusiwi. Ikupa alirudi baada ya siku nne, akaapa ameshazifukia.

"Siku nne zile ulilala wapi?"

"Isongole. Kwa mtu," Ikupa alinong'ona. "Niliporudi nazo nikaogopa utaziona, nikazitumbukiza humu. Nisamehe, wifi... nilidhani ni nywele tu."

Sekela hakumpigia kelele. Alichukua kanga, akakiweka kifurushi mgongoni kwa Ikupa, akakifunga kama anavyofungwa mtoto, akakaza fundo hadi mwenzake akagumia.

"Mpeleke. Sasa hivi."

"Giza linaingia."

"Na yeye amekaa gizani wiki tatu."

Ikupa akaondoka. Hatua chache alikwenda vizuri. Kisha akainama, akainama zaidi, kama mtu aliyetwishwa gunia la mahindi. Sekela alimtazama toka mlangoni, na pale kiunoni, kila upande wa kanga, akaona...

Vinyayo vidogo.

"Wifi," sauti ya Ikupa ilikuja chini chini. "Ananinyonya shingo."

Sekela akafunga mlango.

Siku ya tano alipita Luka, dereva wa lori la Isongole. Alisema amekutana na Ikupa njiani, amepinda kama ajuza, anamsihi kila mpita njia amfungulie kanga. Luka alishuka kumsaidia. Fundo lilikataa.

"Ibaba amefika?" Sekela aliuliza.

"Anasema amefika mara mbili. Mtoto hataki kushuka."

"Mwache ambebe."

Luka alimtazama usoni, akawahi kupanda lori lake. Sekela hakujuta hata kidogo. Ila usingizi ulimpaa, maana alimwonea wivu wifi yake. Ikupa alikuwa na mtoto mgongoni, yeye hana.