Amri ya Shamba la Mkonge

Saa 4:20 asubuhi. Sanyuanli, mtaa wa wachuuzi katika jiji la Kichina, Oktoba 1998. Chumba cha nyuma, marobota ya suruali hadi darini. Shamsia alichora ngazi za hoteli juu ya katoni, kwa wanja wake.

"Valadares. Mreno wa Makau, ghorofa ya tano. Saa saba anamuuzia tajiri mmoja shamba la mkonge la baba yake, kaskazini mwa Msumbiji. Hati zimo mkobani. Nakala hakuna, ofisi ya ardhi iliungua vitani. Laoban wetu, bosi wa Kichina, anazitaka yeye."

"Na mimi?" Haroun aliuliza.

"Wewe gari. Na usisinzie kama juzi."

Kassian alikuwa akifunga vifungo vya sare ya mpagazi. Alizaliwa kwenye shamba lile. Mama yake bado alilima muhogo pale, yeye na kaya mia tatu. Tajiri yeyote akizishika hati, wote nje. Hilo hakuwaambia. Mfukoni alikuwa na kiberiti, na sigara havuti.

"Mmakonde, mbona jasho?" Haroun alicheka. "Kubeba mkoba tu, kaka!"

Saa 6:40 mchana. Shamsia alipiga simu kutoka mapokezi, sauti laini kama asali. Valadares akashuka. Kassian akaingia kwa ufunguo uliopatikana kwa hongo, akabeba mkoba, akashika ngazi za dharura.

Saa 6:46. Ghorofa ya nne, pipa la bati la vichungi vya sigara. Akazitumbukiza hati. Akawasha. Karatasi nene, kuukuu. Ziliungua polepole. Polepole mno.

Mlango wa juu ukabamizwa. Valadares, na walinzi wawili. Mzee aliuona mkoba wake miguuni mwa Mwafrika. Likamtoka neno la alfajiri kule shambani, la kuwapanga vibarua mstari:

"Formar!"

Kassian alilisikia mara ya mwisho akiwa na miaka kumi na minne. Sasa alikuwa na thelathini na minane. Visigino vikagongana vyenyewe. Kofia mkononi. Macho chini.

Walinzi wakapunguza mwendo. Aliyesalimu amri wa nini kumkimbilia?

"Shuka, we!" Shamsia alifoka kutoka chini. "Umeganda nini?"

Angeweza kushuka. Miguu ilishakuwa yake tena. Lakini mgongoni alisikia joto, na joto lilihitaji muda. Akabaki wima, amelikinga pipa, mtiifu kuliko kibarua yeyote.

Valadares alishuka akitabasamu, mpaka moshi ulipopanda juu ya bega la Kassian.

Nje, gari la Haroun liliondoka kwa kishindo.

"Zimekwisha, senhor," Kassian alisema. Kisha, pingu zikimsogelea, akavaa kofia yake.