Upinde wa Nyuma ya Kiti

Mshona nguo alifunga kibanda chake jua likizama, akashika njia kwenda kwa fundi wa kuchomelea. Mfukoni alikuwa na kipimo cha unene wa chuma na barua ya mkaguzi wa mashindano. Moyoni alikuwa na hasira ya siku tisa za kusubiri. Mdogo wake, waliyemwita Kishada, alikuwa zamu kiwandani. Kesho yake asubuhi angeshindana kwa gari kwa mara ya kwanza maishani. Lakini kizimba cha mabomba, kile kinachomkinga dereva gari likipinduka, kilikuwa bado mikononi mwa fundi mwenye ahadi nyingi kuliko misumari.

Fundi huyo aliitwa Cheche. Alikuwa mzee mpole, kope zimeungua kwa moto wa kazi. Miaka mitatu nyuma mwanawe wa pekee alikufa mbioni, ndani ya kizimba alichokijenga baba yake mwenyewe. Watu walimhurumia, wakaendelea kumletea kazi. Na kweli, tangu hapo magari mawili aliyoyashughulikia yalipinduka, madereva wakatoka bila hata mkwaruzo.

Gari lilikuwa tayari, mabomba yamepakwa rangi nyeupe. Mshona nguo akapapasa upinde mkuu, ule wa nyuma ya kiti. Hakuona tundu. Barua ilisema wazi kwamba upinde utobolewe tundu dogo, ili mkaguzi apime unene wa bomba. Cheche alisema amesahau. Kisha akasema drili imeharibika. Kisha akasema umeme umekatika, na taa inawaka juu ya kichwa chake.

"Mzee wangu, hata uongo hupimwa kabla ya kukatwa," alisema, akaichukua drili mwenyewe.

Cheche akamshika kiwiko, akanong'ona.

"Dada, toboa kwingine kokote. Si hapo."

Alitoboa hapo hapo.

Chuma kiliachia upesi mno... kama kitambaa kilichochakaa. Na chenga zake hazikuanguka chini. Zilivutwa ndani ya tundu, moja moja, kana kwamba mtu aliyezamishwa majini muda mrefu ameibuka, anavuta hewa.

Kisha pumzi ikatoka.

Harufu ya petroli. Harufu ya nywele zilizoungua.

Tu... tu... tu. Kitu kiligonga ndani ya bomba, kikapanda hadi chini ya paa la gari, kikateremka hadi penye kiti. Sauti ikatoka tunduni, ya kijana, kavu, yenye hasira kuliko ya mshona nguo.

"Baba... nife mara ngapi?"

Drili ikamponyoka. Cheche aliketi sakafuni, akasema yote, kwa vipande. Mikono yake imezeeka; bomba nene humshinda kulipinda, jembamba hukubali upesi, na ndilo alilomjengea hata mwanawe. Basi katika kila upinde alitia kipande cha kizimba cha mwanawe, na ndani yake unywele wa marehemu, akaziba kwa moto na kwa maneno aliyofundishwa na mganga. Gari likipinduka, anayevunjika ni yule wa ndani.

"Ananilindia wateja," alinong'ona. "Si umesikia walitoka salama?"

Mshona nguo alitia kipimo tunduni. Milimita moja na nusu, palipotakiwa mbili na nusu. Hofu ikamtoka. Ikabaki hasira tupu.

"Mwanao si chuma, mzee. Mara ya kwanza ulimuua kwa uvivu. Hizi mbili umemuua kwa kusudi."

Akawasha mashine ya kukatia, akaukata upinde huku na huku. Ulipoanguka, mlio ule wa kugonga ulitoka garini. Ukapita kwenye mabomba yaliyoegemea ukuta. Ukapita kwenye mlango wa chuma. Ukaishia chumba cha nyuma, kwenye kitanda cha chuma alicholalia Cheche.

Tu... tu.

Kishada alikosa mbio zile, akamnunia dada yake wiki tatu. Kizimba kipya kilijengwa na fundi mwingine, dada mtu amekaa pembeni na kipimo chake. Mkaguzi alipokitoboa, chenga zilianguka chini kama chenga. Alipohadithiwa mkasa wa Cheche alitabasamu. Bomba likizibwa lingali moto, alisema, hewa ya ndani hujikunyata likipoa. Ukilitoboa, halina budi kuvuta.

"Na kusema je?" mshona nguo akauliza.

Mkaguzi aliendelea kuandika.

Siku ya mbio zilizofuata, mshona nguo alimwona Cheche amesimama mbali kidogo na uzio wa chuma, mikono kaikumbatia kifuani. Ilisemekana hashiki chuma tena. Anakula kwa mkono, analala mkekani. Midomo ilikuwa ikimchezacheza.

"Mara moja tu, mwanangu," alikuwa akisema, kama anayejibu swali. "Imetosha ile moja."

Mshona nguo hakumwamkia. Magari yakanguruma. Aliegemea uzio ili amwone Kishada akipita.

Chini ya kiganja chake, ndani ya bomba la uzio, kitu kiligonga.

Hakikusimama kwake. Kilikuwa kikielekea kwa mzee.