Dumu Lililovimba Mchana

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea chumbani kwangu, chini ya paa la bati. Umeme ukikatika, nawasha jenereta ndogo iliyoko uani. Petroli yake niliiweka kwenye dumu la plastiki la lita kumi, lile la mafuta ya kupikia. Dumu lilikaa chini ya meza ya kukatia, penye ukuta unaopigwa na jua. Binti yangu wa miaka mitatu hulala papo hapo mchana, juu ya vitambaa vilivyobaki.

Nilijiona mama mwangalifu. Mlango wa uani nilikuwa naufunga kwa kufuli mbili.

Mwaka huo wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja kukaa kwetu. Alikuwa anarudia mtihani wa kemia. Ni mpole, na watu wapole sana hunitia wasiwasi.

Siku moja mchana niliona petroli imepungua. Jenereta sikuwa nimeiwasha wiki nzima. Kesho yake asubuhi nilichora mstari kwenye dumu kwa chaki ya kukatia nguo, pale petroli ilipofikia.

Saa nane mchana nikainama. Petroli imeshuka chini ya mstari, upana wa kidole. Nikakadiria ni kama chupa ndogo ya soda.

Asubuhi iliyofuata nikainama tena. Petroli imerudi kwenye mstari!

Mwizi gani anarudisha? Nikapata jibu mwenyewe. Anachota mchana, kisha anajazia maji.

"Wifi, petroli yangu unaipeleka wapi?" nikamuuliza mchana wa siku hiyo.

"Petroli gani, wifi?"

"Hiyo unayochota mchana, asubuhi unarudisha maji."

Akacheka. "Basi mwizi wako ana adabu kuliko wote!"

Kicheko kile kiliniwasha. "Fungasha mzigo. Kaka yako akirudi jioni atakupeleka kwenu."

"Na mtihani? Ni wiki ijayo, na nimeandikishwa hapa hapa."

"Ungefikiria hilo kabla ya kuchota."

Akaacha kucheka. Akaingia ndani kufungasha.

Mimi nikataka ushahidi kabla mume wangu hajarudi. Petroli yenye maji haiwaki, nilijiambia. Nitamimina kidogo kwenye kifuniko, nitawasha kiberiti, naye ataona aibu. Nikavuta dumu. Lilikuwa limevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Umeme haukuwepo siku hiyo, na pasi ya mkaa ilikuwa inawaka pale dirishani. Mtoto alikuwa amelala.

Nikazungusha kifuniko. *Fssss!* Harufu ikanipiga usoni.

"Funga! Funga hilo dumu!" Wifi aliutupa mzigo wake. Akakaza kifuniko kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akambeba mtoto. Kisha akanisukuma nje, mimi na kiberiti changu.

Tuliacha mlango na madirisha wazi, tukasimama mbali. Jirani yetu, fundi wa jenereta, alikuja mbio. Mtaani tunamwita Nyusi Moja, kwa sababu ya pili haikuota tena. Alingoja harufu iishe kabisa, akalitoa dumu na kuliweka kivulini, mbali na moto.

Hata hapo shaka haikunitoka. Nikamgeukia wifi. "Kwa nini limevimba? Umeweka nini ndani?"

"Wifi, juu ya petroli mle ndani kuna nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu."

"Kuna hewa, na mvuke wa petroli. Vikipata joto vinatanuka. Vikipoa vinasinyaa. Plastiki ya dumu lako ni nyembamba. Mchana mbavu zake zinatoka nje, petroli inapata nafasi, inashuka. Asubuhi mbavu zinaingia ndani, petroli inapanda."

"Hayo maneno ya shule."

"Basi tuhesabu." Akatandika karatasi yangu ya kukatia mitindo, akachukua chaki. "Tuseme nafasi ya hewa ni lita nne. Asubuhi joto ni nyuzi ishirini. Mchana, chini ya bati, ni nyuzi arobaini."

"Joto limezidi mara mbili," nikasema. "Basi hewa itakuwa lita nane. Mbona dumu halikupasuka? Unaona unavyodanganya!"

"Hata mimi mwaka jana nilikosea hapo hapo. Wifi, ukianza kupima kitambaa kwa tepu, ukagundua umeruka inchi za mwanzo, unafanyaje?"

"Naongeza inchi nilizoruka."

"Nyuzi hizi nazo zimeruka mwanzo: chini ya sifuri yake bado kuna nyuzi 273 za baridi. Ukihesabu hewa, unaongeza 273 kila upande. Ishirini inakuwa 293. Arobaini inakuwa 313. Sasa chukua nne, zidisha kwa 313, gawanya kwa 293."

Nikafanya mwenyewe, kwa simu yangu, nisichezewe. Ikaja nne nukta mbili saba.

"Imeongezeka zaidi kidogo ya robo lita," akasema. "Ni makadirio tu. Mvuke wa petroli sijauhesabu, wala plastiki inavyobana."

Robo lita na kidogo. Chupa ndogo ya soda.

Bado nikasema sijaona kwa macho. Wifi akaokota chupa tupu ya maji iliyokuwa juani, akaifunga, akaizamisha kwenye ndoo ya maji baridi. *Krap!* Mbavu zikaingia ndani.

"Haya, wifi. Hewa ya chupa nimeiiba saa ngapi?"

Nyusi Moja alicheka peke yake, kisha akanitazama.

"Mama, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Ndivyo nyusi yangu ilivyoondoka. Na sakafuni pako nani analala?"

Nilimchukua mwanangu, aliyekuwa ameshikilia nguo ya wifi, nikampakata.

Jioni mzigo wa wifi niliurudisha ndani mwenyewe. "Nisamehe, wifi," nilisema. "Nilishaamua kabla ya kuuliza."

Siku hizi petroli naweka kidogo tu, kwenye kopo la chuma lililotengenezwa kwa ajili ya petroli. Silijazi hadi juu. Linakaa nje, kivulini, ndani ya kisanduku chenye kufuli. Nalifungua nje, polepole, mbali na moto, na jenereta ikiwa imezimwa na kupoa.

Wifi alifanya mtihani wake. Alirudi anatabasamu.

"Kulikuwa na swali la hewa na joto," akasema. "Nikakumbuka tepu yako."

Nakuandikia wewe mwenye dumu chini ya meza. Usichore mstari. Litoe nje leo.