Jina la Ubao wa Mutie

Jua la Kabati, kule Kitui, lilikuwa linazama na ubao wa Mutie ulikuwa bado mweupe pe. Muthama, mchoraji wa mabango, alikuwa ameukodolea macho tangu mchana, brashi mkononi, kichwa kitupu kama debe.

"Fundi, kesho nafungua hoteli," Mutie alimwambia akifunga mlango. "Hata jina sina. Weka yenye itakuja."

Mwaka huo wa sabini na nne, watu walipenda kumuuliza Muthama mawazo yake hutoka wapi. Aliwatania kwamba hutoka kwenye sahani ya muthokoi. Ukweli hakumwambia mtu, hata mkewe Mbula. Ukweli ulikuwa harufu ya ugoro, na mtu nyuma yake ambaye hakuthubutu kumgeukia.

Harufu ikaja...

"Nikupe?" sauti ya mwanamke ikanong'ona.

"Nipe."

"Siku zote mimi hupeana tu. Leo na wewe unipe."

Muthama akauliza, "Nini?"

"Jina. Mimi sina."

Alitaka tu kumaliza aende nyumbani. Mbula alikuwa amejifungua jana, na kesho wanawake wangekuja kumpa mtoto jina. Wakamba wa zamani husema mtoto asiye na jina bado ni kiimu, mali ya mizimu. Muthama, mtu wa kanisa, aliyacheka mambo hayo. Lakini jina walilomchagulia binti, jina la marehemu mama yake, lilikuwa limemkaa mdomoni kutwa nzima, na ndilo lililomtoka.

"Nzilani."

Kisha pumzi baridi shingoni, na mkono wake ukaanza kwenda wenyewe. Giza lilipoingia, ubaoni palikuwa na mwanamke amebeba kibuyu cha uji, mzuri wa kutisha, na chini yake: HOTELI NZILANI.

Alipofika nyumbani, mlango ulikuwa wazi.

Mbula alikuwa kitandani, mtoto kifuani. "Kuna mama alibisha," akasema polepole. "Nikauliza ni nani. Akasema Nzilani. Nikajua ni mtu wa kwenu, nikamfungulia. Alimbeba mtoto kidogo tu, akamrudisha. Muthama... tangu hapo hajalia."

Mtoto alikuwa macho. Alinuka ugoro.

Kulipokucha Muthama alikimbia Kabati na mkebe wa rangi nyeupe, akapanda ngazi afute lile jina. Mwanamke wa ubaoni alikuwa na mtoto mgongoni.

Yeye hakuchora mtoto.

"Futa," sauti ikasema nyuma ya sikio lake. "Nikifutika mimi, naye anafutika."

Akashuka.

Wanawake walimpa binti jina lingine, Kasyoka, naye akakua, msichana mpole mwenye kupenda kucheka. Lakini kila jua linapoupausha ule ubao, homa humwangusha. Hapo Muthama hubeba ngazi yake, akairudishia picha rangi, akianza na mtoto wa mgongoni, na homa hushuka kabla rangi haijakauka. Mawazo mapya hayajamjia tena, na akisikia harufu ya ugoro sokoni huondoka mbio. Watu humsifu kwa kuupenda ubao wa mwenzake hivyo.

Anampenda Kasyoka kuliko roho yake.

Mwaka huu jua la Kitui limekuwa kali, na mkono wake wa brashi umeanza kutetemeka.