Gitaa Lililolainishwa

Nyuzi zilikuwa na joto. Fundi alipozigusa mara ya kwanza alidhani ni jua la dirishani, akalisogeza gitaa kivulini, akaenda kuchemsha chai. Aliporudi akazigusa tena. Joto lilikuwa pale pale, joto la kitu kilichotoka kushikwa muda huo huo, na humo karakanani hamkuwa na mtu ila yeye. Kulikuwa pia na harufu, kwa mbali, ya kucha iliyoungua. Akatazama chuma cha kulehemu kama amekisahau kwenye umeme. Hakuwa amekisahau. Basi akapuuza, kama sisi sote tunavyopuuza mpaka yatufike.

Mtaani walimwita Fundi Laini, na jina hilo hakulipata bure. Alitengeneza magitaa ya umeme yenye sura ya zamani: mwili mnene wa mabega ya duara, rangi ya krimu iliyochakaa pembeni kwa makusudi, vifundo vikubwa vya sauti kama vya redio ya babu. Lakini ukilipakata ukaanza kupiga, hilo lilikuwa gitaa la leo. Shingo nyembamba, nyuzi zimelala karibu kabisa na ubao, unagusa tu na sauti imeshatoka. Wapigaji wa zamani walitambulika kwa sugu za vidoleni. Wateja wake yeye walikuwa na vidole vya karani. Alijivunia hilo kuliko kitu chochote duniani, ukimtoa binti yake.

Binti huyo ndiye aliyebaki naye baada ya mama mtu kufariki. Alimwita Chiriku tangu utotoni, maana mdomo wake haukujua kupumzika: aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, aliongea mpaka usingizini. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, na yeye ndiye aliyejaribu kila gitaa kabla halijatoka karakanani, kwa sababu baba yake, usicheke, hakujua kupiga. Alijua kutengeneza tu. Bendi kubwa ilikuwa imeshamchagua Chiriku awe mpiga solo, na zilibaki siku tisa aanze. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndio maisha yake, na baba alilijua hilo kuliko yeye mwenyewe.

Gitaa lile la nyuzi za joto liliwahi kuwa la mtu. Lililetwa na mjane mmoja, mwanamke mpole aliyeongea akitazama sakafu. Marehemu mumewe alilipiga enzi zake, na yeye alitaka lipakwe rangi, ling'arishwe, alitundike sebuleni kando ya picha yake. Basi, hana zaidi. Nje tu, fundi, alisema, na akalirudia tena mlangoni: ndani usiguse. Fundi aliapa, mkono kifuani.

Siku tatu alitimiza ahadi yake. Kosa lake ni kulipakata. Nyuzi zilikuwa zimenyanyuka juu kama kamba za kuanikia nguo. Mtu angehitaji koleo kuzibana. Fundi alikasirika, alikasirika kwelikweli, kama mpishi anayeletewa wali mbichi. Mbao nzuri namna ile, ya kale, iliyokauka ikaiva, halafu mpumbavu fulani ameifunga shingo upande! Akajiambia atachungulia tu. Akalegeza skrubu nne, akaing'oa shingo, na kwenye tundu inapokaa akakuta kipande cha ngozi kilichokunjwa mara saba, kimeandikwa herufi ndogo ndogo za wino mwekundu, kimebanwa upande ule unaozinyanyua nyuzi badala ya kuzilaza.

Mimi na wewe tungekirudisha mbio, jasho linatutoka. Fundi wa magitaa haoni hivyo. Wao hutia chochote pale kurekebisha mlalo wa shingo: kipande cha msasa, tiketi, kadi ya harusi iliyopitwa na wakati. Yeye aliona kazi mbovu, basi. Akakitupa kipande kile cha ngozi katika jiko la kuyeyushia gundi, akairanda shingo mpaka ikawa nyembamba, akafunga nyuzi mpya, akazilaza. Mjane angeshukuru tu, aliwaza. Hayo aliyafanya jana yake, na asubuhi ndipo akakuta joto.

Saa nne Chiriku akaingia, mdomo mbele, anasimulia habari za nguo atakayovaa jukwaani. Akaliona gitaa, akalichukua, akaketi kwenye stuli. Hakulichomeka kwenye spika. Waya ulikuwa umening'inia ukutani, baba mtu aliuona kwa macho yake. Lakini Chiriku alipogusa uzi wa kwanza, sauti ilitoka kwenye spika.

Wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasiojua wafanye nini. Chiriku akaendelea. Alipiga vitu ambavyo hakuwahi kufundishwa, vidole vinakimbia juu na chini, na ilikuwa tamu, lazima niseme kweli, ilikuwa tamu mno. Baba alisimama na kikombe mkononi, kifua kimemjaa. Haya ndiyo aliyoyatafuta maisha yake yote, sura ya kale na wepesi wa leo, na mwanawe katikati. Chai ikapoa, na ndipo alipogundua kwamba Chiriku haongei.

Alimwuliza kama hajachoka. Alimwambia apumzike, ale kitu. Chiriku alizidi kupiga. Ikafika saa sita, ikafika saa nane, jua limejaa chumba kizima, nje watu wanapita na mizigo yao hawana hili wala lile, na mle ndani muziki haukatiki, na ile harufu ya kucha iliyoungua sasa imekuwa nzito mpaka inakaa ulimini. Tone likaanguka sakafuni. Fundi alidhani ni vanishi. Likaanguka lingine, na alipotazama kwenye ncha za vidole vya binti yake aliona nyama.

"Baba," Chiriku alinong'ona, midomo yake haikutikisika vizuri. "Siyo mimi."

Akamrukia. Alimshika kifundo cha mkono akavuta kwa nguvu zake zote, mtu mzima aliyebeba magogo tangu ujanani, lakini mkono ule mdogo haukusogea hata unywele mmoja, vidole viliendelea kukimbia chini ya kiganja chake kama vile yeye hayupo, na kadiri alivyovuta ndivyo wimbo ulivyopanda, na ile spika isiyochomekwa popote ikaanza kukoroma, halafu kukohoa, halafu katikati ya muziki ikatoka sauti ya taratibu, ya mtu mwenye adabu zake, ikasema, "Ahsante, fundi. Sasa pamelainika."

Hakufikiri tena. Alikata mkanda wa gitaa kwa kisu, akaweka goti kwenye ubao, akalinyofoa mikononi mwa mwanawe na ngozi ya vidole ikabaki kwenye nyuzi, akakimbia nalo hadi kwenye msumeno wa umeme, akalipasua vipande viwili, vinne, vinane, mpaka likawa kuni. Spika ikanyamaza. Chiriku alidondoka kutoka kwenye stuli, baba akamdaka, wakakaa sakafuni wanalia wote wawili, mkono wa kushoto wa Chiriku umeushika mkono wa baba.

Halafu kidole cha shahada kikabonyeza. Kikafuata cha kati. Vidole vile vilivyochunika vikaanza kutembea juu ya mkono wa baba, kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kiwiko, vinabonyeza mishipa, vinaivuta, vinaiachia, na kwenye spika wimbo ukaendelea pale pale ulipoishia.

Mjane alipigiwa simu akafika ndani ya nusu saa. Alimkuta Chiriku amefungwa kwa kamba kwenye kiti, mkono unapiga mbao ya kiti, damu inachuruzika. Wala hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, gitaa liko wapi, na fundi alipomwonyesha zile kuni, mama wa watu akakaa kwenye sanduku la misumari.

Akasimulia kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa. Yule kiumbe aliyekuwa ndani ya gitaa hana vidole. Anaupenda muziki, lakini hawezi kuupiga mwenyewe. Anahitaji mkono wa mtu, na anaingia pale tu palipo rahisi. Mumewe alikuwa mpigaji wa kawaida kabisa, akanunua gitaa lile, akawa hodari kwa siku mbili, siku ya tatu mfupa ukaonekana. Mwalimu mmoja aliyejua mambo hayo aliwaambia kuwa jini haondoki kwa kubembelezwa, anaondoka kwa ugumu. Mkono ukiwa mgumu anarudi maskani yake, yaani kwenye gitaa, na gitaa nalo likiwa gumu hawezi kutoka tena. Ndiyo maana ya ile ngozi.

Fundi alimwuliza mumewe aliupataje ugumu huo wa mkono.

"Mlango wa stoo," mjane alisema. "Aliuweka mkono, nikaufunga. Mimi mwenyewe, fundi. Mara tatu."

Karakana nzima ikawa wimbo mtupu. Fundi aliuliza, na huku hataki kujibiwa, jini huyo sasa atarudi wapi. Mjane alitazama kuni. Hana pa kurudi, alisema. Atabaki humo humo mkononi. Ukiuvunja atalala, na atalala muda wote mkono utakapokuwa umepinda. Usije ukampa mtu aunyooshe.

Fundi alisema hawezi. Alisema afadhali afe yeye. Alipiga magoti mbele ya spika akamwomba yule kiumbe achukue mikono yake, yote miwili, na spika ikacheka kidogo tu, kicheko cha mtu anayeonyeshwa bidhaa mbovu. Mikono ya mtu asiyejua kupiga ni ya nini?

Ni Chiriku aliyekata shauri. Aliomba afunguliwe, akatembea mwenyewe hadi kwenye meza ya kazi, mkono wake unamrukaruka pembeni kama kuku aliyechinjwa, akaukamata kwa ule wa kulia, akausukuma ndani ya jiliwa, ile jiliwa kubwa ya chuma aliyozoea kumwona baba akibania mbao.

"Zungusha, baba," alisema. "Usinitazame."

Alizungusha. Sitasema sauti iliyotoka, wala ya mfupa wala ya mtoto, maana wapo wazazi wanaonisikiliza. Ilipofika mwisho spika ilizimika na harufu ikaondoka mara moja, kama vile mtu amefungua dirisha. Chiriku aligeuza uso wake mweupe wa maumivu, akamwambia baba asilie.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa nzuri, amini usiamini. Bendi ilichukua mtu mwingine. Chiriku alilia siku moja, siku ya pili akaanza tena kuongea: aliukejeli mkono wake, akauita ndizi mbivu, akasema bora awe na mdomo kuliko vidole. Baba alimlisha, alimsuka nywele vibaya, wakacheka. Hakumlaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma baba kuliko lawama.

Halafu mkono ukavimba, ukawa mweusi kwenye vifundo, homa ikampanda akaanza kuweweseka. Ama hospitali ama kaburi. Fundi alimbeba. Alimwambia daktari, kijana mmoja msafi mwenye sauti ya upole, kwamba jiliwa ilimbana kwa bahati mbaya, na akamsihi jambo moja: asafishe kidonda, akate kilichooza, lakini mifupa asiinyooshe. Aiache ilivyopinda. Daktari alimtazama kidogo, akasema sawa, mzee wangu, kidonda tu. Akamgusa bega.

Baada ya muda wa saa tano daktari alitoka chumba cha upasuaji, na kabla hajafungua mdomo fundi alishajua. Uso ule aliufahamu. Ni uso wake mwenyewe, wa kila siku aliyomaliza kazi nzuri.

"Nisamehe, mzee," daktari alisema, na hakuwa na majuto hata chembe. "Nilishafungua, nikaona mifupa imekaa ovyo. Binti mdogo vile! Roho ilikataa kuiacha."

Wiki sita mkono ulikaa ndani ya plasta. Fundi alikwenda hospitalini kila siku, akaweka sikio juu ya ile plasta wakati Chiriku amesinzia, hakusikia kitu. Alithubutu hata kutumaini. Labda amekufa mle ndani, labda amechoka kusubiri.

Siku ya kuifungua ilikuwa asubuhi yenye jua. Daktari aliipasua plasta mwenyewe, akaita wauguzi wawili waje waone. Vidole vilitoka vimenyooka, vyembamba, makovu membamba kama uzi. Kunja, akasema. Vikakunjwa. Kunjua. Vikakunjuka, kimoja kimoja, kwa zamu, kwa kasi, tena na tena, na daktari akapiga makofi kwa furaha akisema ni vyepesi kuliko hata kabla ya ajali. Hakuna aliyesema lolote juu ya harufu ya kucha iliyoungua ila muuguzi mmoja, aliyekwenda kuangalia kama kuna waya unaoungua.

Walipobaki wawili, Chiriku aliuficha mkono mgongoni. Nyuma yake chuma cha kitanda kilikuwa kinagongwa polepole, kwa mpangilio.

"Baba, nimepona," alisema. Macho yalimjaa machozi. "Usinirudishe karakanani. Safari hii nitamzuia, naapa. Usinirudishe kule."

Fundi aliutazama mdomo uliokuwa ukiongea, mdomo wa mwanawe wa pekee, akashindwa kujua ni yupi kati ya wawili wale anayemwomba. Akainama, akamtafutia viatu chini ya kitanda, akamvalisha.